Mama Studio na Mguu wa Kitwitwi

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Studio amekuwa akiwaambia watu wainue kidevu kidogo, watazame hapa, wasicheke. Kazi yake ni nyuso: picha za paspoti, za vitambulisho, za fomu za shule, na Jumamosi harusi. Chumba chake cha kazi kina kiti kimoja cha kuzunguka, kitambaa cha bluu kilichopauka upande wa dirisha, kioo cha kujitazamia, na chanuo lililofungwa kwa kamba ukutani ili lisiondoke na wateja. Siku hizi wateja wenyewe wamepungua, kila mtu ana kamera mfukoni. Wanaokuja ni wale ambao ofisi imezikataa picha zao za simu, na wanafika wameshanuna.

Kabla yake studio ilikuwa ya mumewe, na mumewe mji mzima ulimwita Bwana Jua. Alipewa jina hilo kwa sababu hakukubali kupiga picha nje mpaka jua likae anapotaka yeye. Angeweza kumsimamisha bwana harusi na suti yake nzito kando ya ukuta nusu saa nzima, akingoja wingu lipite. Flashi aliichukia. Alisema flashi ni kofi: unampiga mtu usoni, halafu unamwambia atabasamu. Mkewe alianza pale kama mwosha picha, mikono ndani ya dawa kwenye chumba cha giza, akiwa na miaka kumi na tisa. Miaka mitatu baadaye wakaoana, naye akatoka chumba cha giza akashika kamera.

Sasa Bwana Jua haoni. Ni presha ya macho. Ilimla polepole kutoka pembeni bila maumivu, dunia ikawa kama inatazamwa kupitia tundu la ufunguo, halafu na hilo tundu likaziba. Kilichobaki ni kujua tu kama mbele yake kuna mwanga au hakuna. Ana miaka sabini na mmoja. Mkewe humwongoza bafuni, humfunga vifungo vya shati, humtilia matone ya dawa mara tatu kwa siku ingawa wote wawili wanajua matone hayo yalichelewa, humwekea redio mahali mkono wake unapofika, ndipo anakwenda kufungua studio. Jioni anarudi kuanza upya. Watoto wao wawili wanaishi mbali na hupiga simu Jumapili, wakiuliza mama anapumzika lini. Huwajibu kwamba anapumzika, na wao huridhika.

Wengi hawakujua kwamba Bwana Jua alikuwa na kazi nyingine, isiyomwingizia kitu. Nyuma ya mji, pale mabomba yote yanapoishia, kuna mabwawa manne ya maji taka ya manispaa. Mwenye pua zake hapiti huko kwa hiari. Lakini ndege wa pwani wanapapenda. Tope ni laini, wadudu ni tele, na hakuna anayekwenda kuwasumbua. Kila mwaka, huko kaskazini ya mbali kunapoanza kuganda, vitwitwi hufika kwa mamia, na sululu wachache wenye midomo mirefu iliyopinda. Hukaa hapo miezi kadhaa wakila, kisha huondoka. Bwana Jua aliwapiga picha kwa miaka ishirini na saba, akazipanga picha zao kwenye maboksi ya viatu.

Mwaka jana alikuja dada mmoja kutoka chuoni, mtafiti wa ndege, akaomba kuyaona maboksi hayo. Alipiga magoti sakafuni kwenye stoo siku mbili, akitazama picha moja moja. Siku ya pili alisimama na picha tatu mkononi, zote za kitwitwi mmoja. Juu kidogo ya goti la ndege huyo palikuwa na kitu kimechomoza kama kijikaratasi. Alieleza kwamba ni kibendera cha plastiki. Wanaochunguza ndege humvalisha ndege kibendera chenye herufi na namba kisha humwachia aruke, na yeyote atakayezisoma herufi hizo popote duniani anaweza kujua ndege ametoka wapi na ana umri gani.

Tatizo ni kwamba herufi hazikusomeka. Kwenye picha zote tatu ndege alikuwa mweusi tii, kama amekatwa kwa mkasi. Njia ya kupita pale mabwawani iko upande wa magharibi peke yake, kwani upande wa pili umezungushiwa uzio wa pampu. Ndege hula karibu na njia asubuhi, na asubuhi jua linatokea nyuma yao. Mchana ukipata mwanga mzuri, magari ya kunyonya vyoo yanakuwa yameanza kuja kumwaga, na ndege wote wamehamia mbali.

Mtafiti alisema, bila nia ya kumlaumu mtu, kwamba laiti miguu ingetupiwa mwanga kidogo tu, yote yangesomeka. Bwana Jua alimsikia. Picha hizo ndizo za mwisho alizopiga yeye kabla macho hayajafunga.

Tangu siku ile alianza kuuliza kila asubuhi, mkewe akimvika viatu, mbingu ikoje leo. Hakuomba chochote, aliuliza tu. Lakini mtu uliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na mmoja, unajua swali lake lipi ni ombi. Mama Studio alijifanya hasikii wiki nzima. Magoti yalimuuma. Uchovu aliokuwa nao haukuwa ule wa kulala ukaamka umeisha. Aliamka nao na kuvaa nguo pamoja nao. Na ndege, kusema kweli, hawakuwahi kumvutia. Vitwitwi aliwaona wote sawa, wadogo, wa kijivu, wanakimbiakimbia kama watu waliochelewa ofisini.

Mvua zilipokatika na ndege wakarudi, alipiga moyo konde. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi moja alimwachia mumewe chai kwenye chupa, akachukua kamera ya harusi na ile lenzi ndefu ya Bwana Jua, akaenda.

Mlinzi wa mabwawa, mtu mzima aliyefunga kitambaa puani mwaka mzima, alimpokea kwa shikamoo na mshangao. Alimuuliza kama picha zimekosekana mjini kote hata aje kuzitafuta kwenye choo cha watu wote. Mama Studio alimjibu kwamba wateja wa huku angalau hawalalamiki kuwa wametoka weusi. Mlinzi alicheka mpaka kitambaa kikamshuka, akaacha kucheka haraka.

Lakini weusi walitoka kweli. Asubuhi ile, na nne zilizofuata, alirudi na vivuli. Kitwitwi mwenye kibendera alikuwepo, alimwona kwa macho yake, cha rangi ya njano mguu wa kulia; ila kwenye picha maji yalimeta kama bati jipya na ndege akabaki doa. Akiongeza mwanga wa kamera ili mguu uonekane, maji yote yaliungua yakawa meupe na mguu ukamezwa humo.

Siku ya tano alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kamera mapajani, akawaza maharusi.

Hapo pana jambo ambalo Mama Studio hakuwahi kumwambia mtu. Bwana Jua alimwachia harusi za nje miaka mingi, kwa sharti moja, kwamba asubiri mwanga. Lakini maharusi hawasubiri. Watu wanatoka ukumbini saa saba mchana, jua liko utosini, shela inamtilia bibi harusi kivuli usoni, macho yanakuwa mashimo mawili. Kwa hiyo alibeba flashi ndogo chini ya mkoba. Hakuipiga kwa nguvu zake zote. Aliipunguza na kuipunguza, mpaka ikawa inajazia kile kivuli tu, jua likaendelea kuonekana kuwa ndilo jua. Ukiitazama picha hujui. Bwana Jua alizitazama miaka yote na hakujua. Alizisifu. Moja, ya bibi harusi kwenye ngazi, aliikuza mwenyewe na kuiweka dirishani pa studio, na kila aliyeuliza alimwambia, hayo ndiyo matunda ya kungoja.

Mama Studio alimpigia simu mtafiti kumuuliza kama flashi itawaumiza ndege. Mtafiti alimwambia mchana haina shida ikiwa hafifu. Ila asiitumie jua likishazama, asiielekeze kwenye kiota, na wakiinua vichwa wote pamoja aache na aondoke. Tatizo likawa umbali. Ndege walikuwa hatua ishirini na tano kutoka njiani, na flashi ya harusi imezoea hatua nne. Mtafiti akamweleza wanavyofanya wenzao, kwamba hufunga mbele ya flashi kipande cha plastiki chenye mikunjo midogo ya kukuza, mwanga usitawanyike.

Plastiki ya namna hiyo ilikuwemo nyumbani. Bwana Jua aliitumia kusomea magazeti mwaka wa mwisho wa macho yake, ilikuwa nyembamba kama jalada la daftari. Mama Studio aliitoa kwenye droo bila kumwambia mumewe, akatengeneza kasha kwa katoni na gundi la kuishikilia mbele ya flashi.

Mara ya kwanza aliipiga kwa nguvu zote ili tu ajue. Picha ilitisha. Kitwitwi alitoka mweupe kama sahani, nyuma yake asubuhi imegeuka jioni, na jicho linang'aa kama goroli. Kofi kabisa. Akapunguza. Ndege hawakushtuka, mmoja alisimamisha kichwa, akaendelea kuchokonoa tope. Akapunguza tena. Miguu ilianza kuonekana ina rangi, na kifuani manyoya yakaanza kuhesabika. Alijua amekaribia. Betri zikaisha.

Kesho yake mwenye kibendera hakuja. Mama Studio alimngoja mpaka saa mbili, na kwa kuchoka aliweka kamera chini kwenye ukuta wa bwawa, akafumba macho kidogo. Kilichomwamsha ni harufu. Jua lilikuwa limepanda na kuingia moja kwa moja kwenye ile plastiki ya kukuza, nayo ikafanya kwa jua kile ilichofanya kwa herufi za magazeti. Uso wa flashi ulikuwa umeyeyuka kona moja, ukikunjamana na kutoa moshi mwembamba. Alikivuta kile kitu kwenye kivuli, akakipuliza kama mtu anayepuliza chai. Mlinzi alikuja kutazama, akasema pole, na hakuongeza utani.

Aliporudi nyumbani, Bwana Jua alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na mlango. Harufu ya mabwawa alikuwa ameizoea. Lakini pua ya kipofu haidanganyiki kirahisi.

"Kuna kitu kimeungua," alisema.

Mama Studio alikuwa na nafasi ya kusema ni gari la jirani. Alifikiria kusema hivyo. Ila kutunga uongo nako kunataka nguvu, na asubuhi ile hakuwa nazo. Akaketi kwenye kizingiti na viatu vyake vya tope, akasema, "Ni flashi, Baba."

"Flashi gani?"

"Yangu. Ninayo miaka mingi."

Akamweleza yote. Alianza na plastiki ya kusomea, akaenda kwa ndege, na alipofika hapo akaona hakuna sababu ya kusimama katikati, akaendelea mpaka kwenye harusi. Bwana Jua alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Na yule wa kwenye ngazi?" aliuliza mkewe alipomaliza.

"Na yeye."

"Nilimweka dirishani miaka kumi na mmoja."

"Najua, Baba."

Siku hiyo Bwana Jua alikula kidogo, na kesho yake akakataa kutiwa matone, akisema atajitia mwenyewe, yakamwagikia shavuni yote. Mama Studio alimpangusa. Hakwenda mabwawani. Alifungua studio, akapiga picha za paspoti sita, mteja mmoja akamrudishia yake akidai masikio yake hayako vile. Alipiga tena. Masikio yalikuwa vilevile. Moyoni hakuwa anajuta sana kama alivyodhani angejuta. Alihisi tu mzito, kama mtu aliyeshusha mzigo akagundua mgongo umeshazoea kupinda.

Asubuhi ya tatu, mkewe akimfunga vifungo, Bwana Jua alimuuliza, "Uliipunguza kiasi gani?"

"Mara mbili chini ya kawaida. Penye shela nyeupe, mara mbili na nusu."

Alilitafakari hilo mpaka kifungo cha mwisho. Halafu akasema, "Nipeleke."

Kumpeleka kipofu kwenye ukingo wa bwawa la maji taka si kazi ya mtu mmoja aliyechoka, lakini ndiye aliyekuwepo. Walitembea taratibu, mkono wake begani kwa mkewe, kamera upande mwingine. Mlinzi aliweka ndoo mbili badala ya moja na kumwamkia mzee kwa heshima zote, hata kitambaa alikivua. Bwana Jua aliketi, akavuta ile harufu kwa pua yote kama mtu aliyerudi kwao.

Flashi ilikuwa bado inafanya kazi, ila kwa shida. Baada ya kila pigo ilichukua muda kujaa chaji tena, ikitoa mlio mwembamba kama wa mbu. Ukipiga kabla haijajaa unapata giza. Kwa hiyo Mama Studio ilimbidi kila mara aondoe jicho kwenye kamera kutazama kijitaa cha nyuma ya flashi kinachowaka ikijaa, na kila akirudisha jicho, kitwitwi ameshahama. Alifanya hivyo mara nne, mara tano. Shingo ilimuuma.

"Imejaa," Bwana Jua alisema.

Mkewe akageuka. Kijitaa kilikuwa kimewaka.

"Mlio umekatika. Tazama ndege wako, mimi nitakwambia."

Basi wakafanya kazi hivyo. Mkewe aliliacha jicho kwenye lenzi, na mumewe, kichwa kimeinama pembeni, alimpa neno moja kila flashi ilipokuwa tayari. Jua lilikuwa usoni mwao wote wawili. Sululu mmoja alipita akilia, na Bwana Jua akamfuata kwa uso wake mpaka sauti ikapotea. Vitwitwi walikimbia, wakasimama, wakakimbia. Yule wa kibendera alitokea nyuma ya kichuguu cha tope karibu saa moja na nusu, akala akielekea upande wao, akasimama kwa mguu mmoja kama anayefikiria jambo.

"Amekuja," mkewe alinong'ona. "Lakini ameficha mguu wenyewe."

"Mngoje."

Walimngoja. Hilo Bwana Jua alilijua kuliko mtu yeyote. Ndege alijikuna shingo, akakunjua mguu wa kulia na kuukanyaga kwenye tope.

"Imejaa," alisema Bwana Jua, na mkewe akapiga. Akampa neno hilo mara tatu zaidi, naye akapiga mara tatu, kisha ndege akaenda zake.

Mama Studio alikuza picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera, akakitia kivuli kwa mtandio wake. Maji yalikuwa yanameta kama yalivyokuwa yakimeta kweli. Jua lilionekana liko nyuma ya ndege, limemzungushia mstari mwembamba wa dhahabu mgongoni. Na kifua, na tumbo, na miguu, vyote vilikuwepo. Kibendera kilikuwa cha njano. Alizisoma herufi kwa sauti, mbili, na namba moja, halafu akazisoma tena kwa sababu sauti ya kwanza haikutoka vizuri.

Bwana Jua alizirudia mwenyewe polepole. Kisha akauliza swali lake la kazi. "Jicho lina nukta?"

"Lina nukta moja, ndogo."

"Si kama goroli?"

"Hapana. Kama jicho tu."

Alitikisa kichwa kukubali.

Jibu la mtafiti lilichukua siku tisa. Alikuja nalo mwenyewe badala ya kupiga simu. Ndege huyo alivalishwa kibendera akiwa kifaranga, miaka minane iliyopita, kwenye nchi ya barafu ambako jua halizami wakati wa kiangazi, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwona tena. Waliomvalisha walikuwa wameshamhesabu amekufa. Wameandika barua ya kushukuru. Bwana Jua alitaka kujua kama ndiye yule wa picha zake tatu. Mtafiti hakumdanganya. Alisema kibendera kiko mguu uleule na umbo ni lile, lakini kwenye kivuli hakuna mtu anayeweza kuapa.

"Basi usiape," alisema Bwana Jua. Akaomba picha mpya iwekwe kwenye boksi lile lile, pamoja na zile nyeusi.

Kwa miezi mitatu zaidi walikwenda, si kila siku. Walisoma vibendera vingine viwili. Siku nyingine walirudi na vivuli, na mara moja Bwana Jua aliteleza akaloa mpaka kiunoni kwa maji ambayo ni afadhali kutoyaeleza. Kisha asubuhi moja tope lilikuwa tupu, na mlinzi akawaambia wameondoka jana jioni, wote kwa pamoja, wakipiga kelele.

Walirudi moja kwa moja mpaka studio, kwani kupitia nyumbani kungewachelewesha. Mama Studio alifungua mlango, akawasha taa, akaketi kwenye kiti cha wateja ili avue viatu. Alivua kimoja. Bwana Jua, aliyekuwa bado amesimama akipapasa meza, alisikia pumzi yake imebadilika. Aliita mara moja, kwa sauti ya chini, hakujibiwa.

Akapapasa mpaka akalipata lile benchi la kusubiria, akalivuta mlangoni na kulikalia, fimbo magotini. Wa kwanza kufika alikuwa bwana mmoja mwenye fomu mkononi na haraka zake. Bwana Jua alimwambia mpiga picha amelala, arudi saa nane. Bwana yule alichungulia ndani juu ya kichwa cha mzee, akamwona mama mmoja mtu mzima kwenye kiti cha kuzunguka, kiatu kimoja mguuni, tope limemkaukia mpaka magotini, akiwa amelala fofofo mbele ya kitambaa cha bluu. Akauliza kama hawezi kuamshwa dakika moja tu.

"Hawezi," alisema Bwana Jua.

Bwana yule akaondoka. Alikuja mwingine, naye akaambiwa vilevile.